Alama Nilizozidisha kwa Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, nilifika kabla ya saa moja asubuhi, nikakuta mlango wa idara umefungwa na mfagiaji mmoja ameketi kwenye ngazi. Nilimsalimia kwa Kiswahili, lugha yetu ya Bukavu. Akasimama wima, akanipisha, akaniita afande. Mkuu wa Idara alipokuja na kusikia kisa hicho alicheka mpaka akavua miwani.

"Ssebo, hapa watu wengi Kiswahili wamekisikia kwa wanajeshi," aliniambia, akiniita bwana kwa Kiganda. "Wasalimie kwa Kiingereza, hata kama ni kibovu, wasije wakakukimbia."

Kiingereza changu kilikuwa kibovu kweli. Nilikuwa nimesoma falsafa kwa Kifaransa, nikaifundisha kwa Kifaransa, kisha nikakimbia vita nikiwa na mke, watoto wawili na shahada ambayo Kampala nzima sikumpata wa kunisomea. Mkuu yule wa idara, mzee wa Kiganda mpole aliyefundisha mantiki, yaani elimu ya kupima hoja kama inasimama au inaanguka, ndiye aliyenipigania nikapewa mkataba wa miaka miwili. Muhula wa kwanza alikuwa akikaa nyuma ya darasa langu, na neno la Kiingereza likinigomea, analitamka taratibu kana kwamba anakohoa. Ninyi mnaoanza kazi hii leo, mkimpata mkuu wa namna hiyo, mshikeni.

Nilipewa masomo matatu ya mwaka wa mwisho, likiwemo somo la maadili. Niliogopa kufundisha, niliogopa vikao, lakini kusahihisha sikukuogopa hata kidogo. Kwetu alama zilitolewa juu ya ishirini, na aliyepata kumi na nne alikuwa mtu wa kutajwa. Nyumbani kwao mbuzi alichinjwa. Kampala alama ni juu ya mia. Nikaona ni hesabu nyepesi: nitasahihisha nilivyozoea, kisha nizidishe kwa tano. Jedwali la madaraja lilibandikwa ukutani, nalo lilisema wazi kwamba daraja la kwanza linaanzia themanini. Nilidhani hizo themanini ziko pale kwa mapambo tu, kama ishirini za kwetu ambazo hakuna aliyewahi kuzipata.

Mwanafunzi bora wa darasa langu la kwanza alikuwa kijana wa Kasubi aitwaye Ssemakula. Nilimpa kumi na nne, nikazidisha, nikaandika sabini, nikajiona nimemvika taji. Hakuna aliyehoji. Walisema tu kwamba yule Mkongo ni mkali, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia sana kuitwa mkali. Ssemakula na wenzake wakahitimu, wakaenda zao.

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya Seneti kukaa, alikuja ofisini kwangu Akello. Seneti ndicho kikao kikuu cha wasomi wa chuo, kinachopitisha matokeo ya mitihani. Akello alikuwa binti wa mwanajeshi, amekulia kambini Makindye, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, kwa hiyo ndiye mwanafunzi pekee niliyezungumza naye bila jasho kunitoka.

"Mwalimu, mimi nakosa wapi?" aliuliza.

"Hujakosa popote. Kazi yako ndiyo bora kuliko zote."

"Sasa mbona unanipa sabini?"

Nilitabasamu, nikamweleza habari za kumi na nne na mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Mwalimu, hapa mbuzi anachinjwa kutoka themanini," alisema. "Na hii sabini mimi sipati daraja la kwanza. Bila hiyo, chuo hapana nibakisha kufundisha. Baba yangu amekwisha kuwaambia watu wote wa kambi kwamba nitabaki."

Alipotoka nilisimama mbele ya lile jedwali la ukutani nikalisoma upya, mstari kwa mstari. Themanini zile hazikuwa mapambo.

Nilipomweleza, Mkuu wa Idara hakunificha kitu. Alama zikishawasilishwa, alisema, mwalimu hawezi kuzirudisha ila kwa barua anayokiri ndani yake kwamba alikosea, na barua hiyo inakaa kwenye faili lake. "Na mkataba wako unakwisha mwezi huu," aliongeza. "Wanaotaka nafasi yako ni wengi, Dokita." Nilijua maana yake. Bila mkataba hakuna kibali cha kazi, na bila kibali ningerudi na watoto wangu kwenye foleni za wakimbizi.

Siku mbili nzima nilijishawishi kwamba ukali kidogo hauui mtu. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Falsafa haikumnyima mtu hoja. Mke wangu alizisikiliza zote huku akichambua mboga, kisha akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa maadili, si mimi." Nikaandika barua.

Niliitwa mbele ya Seneti. Mwenyekiti wake ni Makamu wa Mkuu wa Chuo, cheo ambacho kwa jina ni cha pili lakini ndicho kinachoendesha chuo, maana Mkuu mwenyewe huja siku ya mahafali tu, kutunuku shahada. Wakati ule alikuwa mama mmoja mtaalamu wa mimea, asiyejua kupoteza maneno. Aliisoma barua yangu mara mbili.

"Umemkosea mwanafunzi mmoja au wote?"

Nilikuwa nimemfikiria Akello peke yake. "Wote, Makamu," nikajibu.

"Basi nenda ukasahihishe karatasi zote upya, na mtahini wa nje akusimamie." Mtahini wa nje ni mwalimu wa chuo kingine anayeletwa kukagua alama zetu. Nilifika mlangoni akaniita. "Mkataba wako nitautia saini. Watu wanaokosea ninao wengi. Wanaoniletea barua ndio nimewakosa."

Nililia kwenye ngazi za jengo lile, mtu mzima. Akello alipata daraja lake la kwanza na chuo kikambakisha. Lakini nilipouliza habari za darasa lililotangulia, Msajili, mtunza kumbukumbu za chuo, alitikisa kichwa: shahada ikishatunukiwa haiguswi.

Yaliyofuata yalikwenda kasi kuliko nilivyostahili. Mzee wetu wa mantiki alipostaafu niliachiwa idara. Nikawa Mkuu wa Kitivo, kazi ya kupatanisha idara zinazogombania vyumba vya madarasa. Mwishowe, mimi niliyefika bila Kiingereza, nikakalia kiti cha yule mama. Kampala ilinipa uraia, ilinisomeshea watoto, ilinifundisha kula matooke, ndizi zao za kupika, mpaka nikayalilia nikiwa safarini. Sina jiji lingine la kulishukuru namna hii. Akello leo ni profesa, na katika Seneti hakuna aliyenipinga kwa adabu na kwa ukaidi kama yeye.

Lakini kila mahafali nilimfikiria Ssemakula. Nilijua yuko wapi: alijiunga na polisi, na sasa anaongoza kituo kidogo upande wa kwao Kasubi. Nilikuwa na gari na dereva, nami sikwenda. Nilijificha nyuma ya sheria ya Msajili miaka yote hiyo.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilipanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta mezani, ndevu zimeingia mvi. "Mwalimu mkali!" alisema, akanipa kiti, akataka niletewe chai. Nilikataa kukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: ishirini, kumi na nne, kuzidisha kwa tano, barua iliyowaokoa waliomfuata.

Alivua kofia akaiweka mezani.

"Kumbe si akili yangu?" aliuliza. "Mimi nilitaka kusoma mbele, Mwalimu. Nikaona hiyo sabini, nikajiambia hapana, hii kazi ni ya wenye akili."

Nilimwomba anisamehe. Alinisogezea kile kiti tena.

"Ungenipa ngapi?"

Hakuhitaji kungoja. Insha yake kuhusu ahadi ninaikumbuka mpaka leo, na alama yake nilikuwa nimeshaifanya kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Themanini na mbili," nikamwambia.

Aliirudia kwa sauti ya chini, mara mbili. Kisha akatoa simu, akampigia mkewe, akamwambia kwa Kiganda kwamba matokeo yake yametoka, amepata themanini na mbili.