Wajukuu Kumi na Wanane wa Mzee Ngollo

Paskazia alipanda treni hadi Tura kumhoji babu yake, mzee Ngollo, kwa sababu mhadhiri wetu wa historia alitaka kila mwanafunzi aongee na mzee mmoja kuhusu njia ya zamani ya misafara. Sisi wengine tulibaki Tabora kuchezea simu. Alirudi chumbani kwetu Ipuli na kurasa tisa, pamoja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vikavu ambavyo babu alisema tule wote wawili.

Somo hilo alishalifeli mara moja. Akifeli tena anadisko, yaani chuo basi, anarudi kwao kulima tumbaku.

Grupu letu la WhatsApp linaitwa Wasomi. Wasomi gani! Kutwa ni "naomba notsi", "nani kamaliza?", "tuma tuone". Godbless akambembeleza: "Dada Paska, mfano tu, nione mpangilio." Paskazia hajui kumnyima mtu. Akatuma kurasa zote tisa humo humo.

Wiki iliyofuata mhadhiri alikuja na rundo la kazi zetu, akasoma ya Godbless kwa sauti: "Babu yangu hunitania akiniita mke wangu."

Darasa likaangua kicheko. Godbless ana ndevu hadi kifuani! Hata utani wa babu na mjukuu wake wa kike kaubeba mzimamzima, mvivu mkubwa yule.

"Mzee Ngollo ana wajukuu kumi na wanane humu," mhadhiri alisema. "Wa kweli ni nani?"

Paskazia akasimama. "Ni mimi, dokta."

"Wasichana saba wameandika hivyo hivyo. Nani alikuona ukienda Tura?"

Akanigeukia. Ni mimi niliyemsindikiza stesheni, begi lake nikalibeba. Lakini nikainamia simu, maana ndani ya rundo lile zilikuwamo kurasa tisa zenye jina langu, Recheli, na babu ambaye sijawahi kumtia machoni.

"Basi, wote sifuri."

Kwenye grupu vikamiminika vikatuni vya kucheka. Godbless akaandika: "Pole, mke wa mzee." Uchafu mtupu, na mimi nimo.

Jioni Paskazia alifunga begi lake. Michembe iliyobaki akaigawa mafungu mawili, akanisogezea langu.

"Babu alisema tule wote," alisema.