Gololi za Biira na Beseni Langu

Mke wangu anachimba gololi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mimi Maate sina subira. Nilikaa jeshini miaka ishirini na miwili, na waliocheka nikiongea niliwazungusha uwanjani mpaka wakasahau kilichowachekesha.

Jina lake Biira. Tunakaa Bulembia, juu kidogo ya mto Nyamwamba, karibu na nyumba za zamani za wazungu wa mgodi wa shaba. Mto ulipofurika ulikata ukingo, ukafumua mashimo ambayo wale wazungu walikuwa wanatupia taka zao. Watu wakashuka kuokota vyuma vya kuuza. Biira akaokota gololi moja ya kioo, akaifuta kwa kitenge, akaielekeza kwenye jua. Ndani yake kulikuwa na utepe wa bluu uliojisokota kutoka juu mpaka chini. Siku hiyo alirudi bila kuni, na mimi nikala maharage yaliyoiva nusu.

Hiyo ni miaka minane iliyopita, na hajaacha. Sasa anajua mambo ambayo hata mwalimu wa sekondari hayajui. Gololi ya zamani, iliyotengenezwa kwa mkono, ina kovu pale ilipokatwa kwenye fimbo ya kioo kikiwa bado cha moto. Ya mashine ni laini pande zote. Zile za kijani hafifu zisizo na utepe hazikuwa za watoto kuchezea, zilikaa kwenye shingo za chupa za soda za zamani, zikizuia gesi isitoke. Hizo alizipata Bwera, nyuma ya duka la babu yake Halimah, rafiki yake wa sokoni. Halimah alimwambia, "Chimba, dada, lakini shimo langu ulifukie." Akachimba, akafukia, akapanda na kitunguu juu yake.

Kila gololi aliifunga kwenye kipande cha kitambaa pamoja na udongo kidogo wa pale ilipotoka. Mama yake alikuwa anafunga mbegu za maharage hivyo hivyo, mbegu na udongo wa shamba lake, ili msimu ukifika asikosee. Udongo wa Bulembia una ukijani wa shaba, wa Bwera ni mwekundu, wa Ibanda, njia ya kupandia mlimani, ni mweusi. Hakuandika popote. Mafundo ndiyo yalikuwa daftari lake.

Watu walimwita mama takataka. Hata kanisani walimwita hivyo, na mimi nilimwona anavyoumia. Basi siku moja akapiga simu msichana anaitwa Amoding, mtu wa Teso, anayesimamia chumba cha maonyesho ya vitu vya zamani, kwa wageni wanaopita kwenda mbugani Mweya. Alikuwa amesikia habari za Biira. Akasema atakuja Alhamisi, ila anachukua kitu ambacho kinajulikana kilitoka wapi, na jina la aliyekichimba litaandikwa kando yake. Biira akaweka simu chini, akaniambia, "Baba Jonan, jina yangu itaandikwa." Siku tatu hakulala vizuri. Hakutaka kitu kingine chochote.

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu: kukaguliwa. Mjeshi ni mjeshi. Alhamisi asubuhi, Biira ameenda barabarani kumpokea mgeni, nikaleta beseni, Omo na mswaki. Nikafungua mafundo arobaini na moja. Nikasugua gololi moja moja mpaka zikalia chini ya kidole, udongo nikaumwaga kwenye migomba. Kisha nikazipanga juu ya shuka jeupe, mistari mitatu iliyonyooka, nikasimama kando kifua mbele. Nilijivuna, siwezi kuficha.

Wakaingia. Biira akaangalia shuka, akaangalia vitambaa vimeanikwa kwenye kamba.

"Baba Jonan, udongo iko wapi?"

"Kwenye migomba," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alikaa chini pale pale, mikono mapajani. Amoding alikuwa ameshatoa kalamu, akairudisha kwenye mkoba polepole. "Pole, mama," akasema. "Bila kujua zilipotoka, siwezi." Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mimi.

"Ngoja," Biira akasema. "Usiende bado."

Akachukua gololi ya kwanza, akapitisha ukucha kwenye kovu. "Hii iko ya Bulembia. Angalia, kijani ya shaba iliingia ndani, Omo haiwezi kutoa." Amoding akatoa kioo cha kukuzia, akatazama, akauona ukijani. Ya pili ilikuwa imemeguka kidogo, na kwenye mmeguko kulikuwa na wekundu. "Bwera. Kwa Halimah, upande wa choo." Ya tatu, ya nne. Jua lilihama kutoka shuka mpaka ukutani. Kalamu ikatoka tena. Thelathini na nne alizitaja zote, na kila moja Amoding aliitazama kwa kioo kabla ya kuandika.

Zikabaki saba. Kati yake kulikuwa na kubwa kuliko zote, nyekundu na nyeupe na uzi wa njano katikati. Amoding aliishika akasahau kuirudisha. "Hii ningeiweka katikati ya kabati," akasema. "Ilitoka wapi, mama?"

Biira akaigeuza. Haikuwa na mmeguko, na kovu lilikuwa safi. Mimi nikisugua, nasugua. "Sijue," akasema. "Bulembia ao Ibanda."

"Sema Bulembia!" nikamwamrisha. "Nani ataenda kuuliza?"

Akaniangalia. "Wewe ulifuta. Mimi siwezi kuandikisha yenye ulifuta."

Akaziweka zile saba pembeni, na kubwa ikiwa ya kwanza. Amoding akasema, "Mama, kama ungenitajia na hii, zile nyingine ningezitilia shaka. Sasa naziamini zote thelathini na nne."

Nimeshaenda kuliona kabati mara mbili. Kadi imeandikwa: Zimechimbwa na Biira wa Bulembia. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti mpaka mlinzi akaniomba ninyamaze. Siku hizi kanisani wanaomwita mama takataka wamepungua, na waliobaki wanajua mimi nakaa benchi gani.

Ile kubwa iko nyumbani, kwenye glasi dirishani. Mgeni akiuliza ilitoka wapi, Biira hajibu, ananiangalia tu. Ninayejibu ni mimi. Nasimama wima na kusema haijulikani, mke wangu aliijua na mimi ndiye niliyefuta.