Nilimwambia Aombe Msamaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, ndoo na onyo. Kilikuwa kituo cha polisi, hapa Kitale, na mimi nikawa mama wa seli: kuosha sakafu na kupikia mahabusu, yaani watu walioshikwa na korti bado haijawasikia. OCS, ndiye mkubwa wa kituo, aliniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka malapa.

"Mama, hapa unaona kila kitu na husemi kitu."

"Afande, mimi nimekuja kupika."

Nilipika miaka mingi, na maharagwe yangu hayakuwahi kuwa na mawe. Muulize yeyote aliyelala pale.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini OB niliijua. Ni kile kitabu kikubwa cha kaunta. Kila anayeingia anaandikwa jina, saa na kosa. Analetwa mchuuzi kutoka Kipsongo, siku nyingine hata mzee wa kanisa, na sajini anauliza, "Huyu kosa gani?" Aliyemleta anajibu, "Ana mdomo." Sajini anashika kalamu, anatazama dari. Mdomo haumo kwa sheria. Basi anaandika kuleta fujo, ama kuzuia afisa kufanya kazi.

Kulikuwa na inspekta mmoja, mtu wa kusoma. Nilimuuliza nikimpa chai, "Afande, kujibu polisi vibaya ni kosa?"

"Peke yake hapana, mama. Akitisha, akisukuma, akitukana mpaka watu wakaribie kupigana, hapo ndiyo."

"Na hawa wako seli?"

Akakoroga chai ambayo sikuwa nimetia sukari. "Hawa waliudhi mtu."

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Kwetu mtoto hangoji kujua kama amekosa. Mkubwa amekasirika, unasema pole, yanaisha. Kwa hivyo nikipitisha sahani nilikuwa nawaambia, "Wewe kichwa ngumu, omba afande msamaha uende nyumbani." Wengi waliomba, wakaenda. Nilijiona nimetoa watu wengi kuliko mawakili wote wa Kitale.

Baadaye nikahamishwa kituo kidogo upande wa Bungoma. OCS wa huko alikuwa mpole, lakini alipenda karatasi. Kila neno liandikwe, litiwe sahihi. Hapo ndipo ningefungua macho.

Nilikuwa nimebakisha miezi miwili kustaafu walipomleta Nekesa, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe, anayeniita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi na hospitali imemkubali. Alingoja tu cheti cha tabia njema, kile polisi wanatoa kuonyesha hujawahi kuhukumiwa. Sokoni konstebo alipiga teke beseni la nyanya la mama mmoja, na Nekesa akamwambia, "Kwani wewe hukulelewa na mama?" Ni hayo tu.

Alisimama kaunta viatu mkononi, kidevu juu. "Afande, nauliza kosa langu. Hii ni mara ya tatu."

"Si mnaona?" konstebo akasema. "Ati anauliza!"

Nikamvuta kando. "Wacha ujeuri. Omba msamaha."

"Kukhu, msamaha wa nini? Niambie wewe basi."

Nilikuwa na aproni na woga. "Omba tu, bana. Nyanya yako anajua hawa watu."

OCS akatuita ofisini, akaandika huo msamaha polepole, kwa mwandiko mzuri. Akasema sheria inataka mtu wa upande wa aliyeshikwa awe hapo, aone halazimishwi. "Unamtaka nani?"

"Kukhu," Nekesa akasema.

Akanitazama, nikamwambia tia tu, akatia sahihi. Mimi nikatia chini yake. Ile karatasi sikuisoma, ilikuwa Kiingereza. Lakini jina langu nililiandika lote, herufi kwa herufi, kwa maringo. Alipotoka kwa bondi, ile dhamana ya kungoja korti, nilimchinjia kuku.

Kortini karatasi ikasomwa: Nekesa amekubali alimzuia afisa kufanya kazi, na anaomba msamaha. Shahidi wake, nyanya yake. Adhabu ilikuwa ndogo, wiki mbili kufagia ofisi ya chifu. Cheti kikatoka na hukumu ndani. Hospitali ikachukua mwingine.

Nilipostaafu nilipewa blanketi, na OCS akatoa hotuba, ati mama huyu hajawahi kutuletea shida. Watu wakapiga makofi. Ni kweli, sikuwahi. Sasa vijana wananiuliza wafanye nini wakishikwa. Nyamaza, uliza, omba, mimi sijui tena. Miaka yote ile nilidhani nafungua mlango.

Nekesa sasa anafulia watu nguo Kitale. Mwezi uliopita tulikuwa tunatembea naye kwenda kanisani, konstebo kijana akatusimamisha, akataka vitambulisho. Hakuwa na ubaya. Kabla hajamaliza kusema, Nekesa akainamisha kichwa.

"Pole, afande."

Yule kijana akashangaa. "Pole ya nini, dada?"

Nekesa akanitazama. Nikaanza kutafuta kitambulisho changu kwenye mkoba, nikatafuta sana, na kilikuwa mkononi.