Mbuzi Aliyepita Bila Chanjo

Hasira bado haijaniisha, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Mfumo wetu wa kompyuta wa kuuza mbuzi mtandaoni, niliouandika kwa lugha ya Java hapa Kiritiri, hukataa mbuzi asiye na chanjo. Juzi ukapitisha mgonjwa asiyechanjwa. Mnunuzi akamrudisha ofisini, mbuzi anakohoa mbele ya bosi.

"Nani ameguza mfumo?" nikafoka.

Kendi, anayetutengenezea sura ya kurasa, akainua mkono. Nikamshukia kama mhubiri. "Ukurasa ni wa kuonyesha tu! Sheria za biashara, kama ile ya chanjo, hukaa kando, mahali rangi zako hazifiki. Si niliwafundisha?"

Bosi akaitikia kwa kichwa.

"Ulitufundisha, mwalimu," Kendi akasema. "Mimi nilitoa tu ule ukurasa ulioandika wewe, nikaweka mwingine. Sasa kama haikuwa humo, sheria ya chanjo ilipotea aje?"

Mbuzi akakohoa. Wote wakanigeukia.