Gari la Shemeji

Mume wangu alinunua gari la umeme kwa kaka yake, tumbo moja, kwa hiyo hakulikagua. Lilikuwa dogo, jeupe, lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku, na shemeji yangu alikuwa ameliendesha mwaka mmoja pale Kiseke, juu mlimani hapa Mwanza.

Siku ya kulijaribu alitushusha mlimani hadi kwetu Pasiansi. Alituonyesha vile vistari vidogo kwenye dashibodi vinavyosema afya ya betri. Vyote vilikuwa vimejaa.

"Umeona, mdogo wangu? Utasahau kituo cha mafuta."

Leo nikimsikia mtu anataka gari la namna hiyo namwambia asilijaribu kwenye mteremko. Alijaze chaji, awashe kiyoyozi, apande nalo mlima akiwa na watu ndani, aangalie chaji inavyoshuka. Na vistari vikiwa vimejaa kwenye gari kuukuu, aogope. Sisi tulifurahi.

Jumapili ya kwanza tulipanda kwenda Kiseke kumshukuru. Chaji ilikuwa zaidi ya nusu. Katikati ya mlima ikaporomoka, gari likaanza kujikokota kama ng'ombe mgonjwa, likasimama. Fundi tuliyemwita alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akatuonyesha kwenye simu yake jinsi sehemu nyingi za betri zilivyokufa.

"Kumbukumbu ya betri imefutwa," alisema. "Ndiyo maana vistari vinaonekana vipya. Haifutiki yenyewe, kuna mtu kaifuta."

Mume wangu alimpigia kaka yake papo hapo. Nilikisikia kicheko chake kwenye simu.

"Hujui kuendesha magari ya kisasa, ndiyo shida yako."

Hatukugombana. Tulilitumia kwenda sokoni na kanisani, sehemu tambarare, na mume wangu akazoea kuulizwa na majirani kama leo limeamka.

Kisha mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi Sengerema, akazidiwa. Alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka. Hospitali ya kule ikasema aletwe Mwanza upesi. Shemeji aliitisha kikao cha ukoo kwa simu, wajomba wote wakisikiliza.

"Mdogo wangu ana gari," alisema. "Atamfuata mama."

"Kaka, unajua kabisa hilo gari halifiki."

"Gari zima kabisa. Au unamnyima mama yako?"

Wajomba walikuwa wakingoja jibu. Mume wangu akasema tutakwenda.

Tulivuka ziwa kwa kivuko, tukafika Sengerema tukitambaa, tukalichomeka kwenye umeme nyumbani kwa mama usiku kucha. Asubuhi likaonyesha limejaa. Tukamlaza mama kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, tukaanza safari ya kurudi kivukoni.

Lilizimika kwenye mwinuko wa kwanza wa maana, mbali na nyumba za watu. Hakukuwa na kivuli. Tulifungua milango yote, nikampepea mama kwa kanga huku nzi wakikifuata kidonda. Wachungaji wakapita na ng'ombe wao, wakachungulia ndani, mmoja akauliza kama tunasafirisha maiti. Mama alijikojolea. Alilia kwa aibu, nami nikamfuta mbele ya watu kwa sababu hapakuwa na pa kumficha.

Mume wangu alikuwa akisimamisha kila chombo kilichopita. Mchana ulipokwisha ndipo lori la mchele lilipokubali kutubeba. Mama alilala juu ya magunia, na kila shimo barabarani alipiga yowe. Kivuko tulichokitaka kilikuwa kimekwisha ondoka zamani.

Walimkata mguu juu ya goti. Daktari hakusema kama saa zile za njiani zilikuwa na mchango, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Mama alipopata nafuu, mume wangu aliketi kando ya kitanda akamweleza yote, taratibu: kumbukumbu ya betri iliyofutwa, kicheko kile, kikao cha wajomba. Nadhani alitaka mtu mmoja tu amwambie ameonewa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ninajua," alisema. "Kaka yako aliniambia kabla hajakuuzia."

"Mama?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akupe wewe. Angemuuzia mtu wa nje, angepelekwa polisi. Wewe ni ndugu yake, utavumilia."

Mume wangu alinyanyuka. Alinyoosha shuka pale palipokuwa na mguu, akatoka nje.

Hospitali ilipomruhusu mama, shemeji alisema kwake Kiseke kuna ngazi nyingi, mgonjwa atateseka. Akaletwa kwetu. Mume wangu aliliuza lile gari kwa wakata vyuma, na siku walipolikokota alikuwa kazini, hakutaka kuliona.

Sasa ni mimi ninayemwogesha mama. Ananishukuru, wala si mkali. Ila kila Jumamosi huniagiza nimpake nywele mafuta na nimvalishe gauni lake la kanisani, kwa sababu mwanawe mkubwa amesema huenda akapita.