Niliandika "Hajulikani Aliko", na Nilijua Aliko

Nimekosa. Sitafuti mtu wa kunitetea, na jina langu niachieni. Nilimpoteza mtu kwa kalamu, na mkewe bado ananiletea nduma za kuchemsha.

Mimi ni karani wa mishahara kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru. Mfanyakazi asipokuja kuchukua pesa yake, unamwekea kwa muda, na asipotokea unaipeleka ofisi ya serikali ya Thika pamoja na jina lake na sababu. Karani aliyenitangulia alikuwa akizunguka kambini kuuliza kwanza. Mimi nilimwona mzembe tu. Nilitaka mzungu mwenye shamba aseme tumeyatangulia mashamba mengine yote kufunga hesabu!

Siku moja Kamau, kibarua wa kupalilia kahawa, alikuja dirishani kwangu. "Karani, mama watoto yuko kwa mamake kule Mugutha, siku zake za kujifungua zimefika. Nikichelewa niwekee mshahara wangu, eeh? Nitaufuata mwenyewe."

Nikamwambia sawa. Lakini nilikuwa na kinyongo naye. Alikuwa ameicheka tai yangu mbele ya wachumaji, akasema nimefungwa kamba kama mbuzi wa mahari. Walivunjika mbavu wote, hata wale wazee.

Siku ya mshahara niliita jina lake. Hakuwepo. Sikungoja hata kidogo. Jioni ile ile nilifunga hesabu ya Thika, na kwenye sababu nikaandika: hajulikani aliko.

Wuui, mimi! Nilijua aliko! Nilitaka tu ahangaike, aifuate pesa yake Thika kwa miguu, ajue karani ni nani. Ngai anajua sikutaka zaidi ya hapo.

Lakini siku zile za Hali ya Hatari, mtu wetu asiyejulikana aliko alihesabiwa yuko msituni na wapiganaji. Thika ilipeleka jina lake kwa askari, nao wakamkuta huko Mugutha akimkorogea mkewe uji. Mtoto wao, Njeri, hata kitovu kilikuwa hakijaanguka. Wakampandisha kwenye lori, na mpaka leo hajarudi.

Mkewe, Wambui, alikuja na mtoto mgongoni kuulizia mshahara. Nikamwambia uko Thika, na lazima mwenyewe aende akaweke kidole.

"Mwenyewe yuko wapi, karani?"

Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta wino.

Na unajua aliniomba nini? Nimwandikie barua za kumtafuta mumewe! Mimi! Nimeziandika miaka yote hii, na majibu hayaji. Simtozi hata senti, naye hachoki kushukuru. "Mungu akubariki, baba. Ni wewe tu unayetukumbuka." Halafu anafungua kiondo, ananipa nduma. Nazila, jamani. Nazila zote, kwa sababu nikikataa ataniuliza kwa nini.

Nyinyi makarani mnaoanza kazi, nawasihi: kabla ya kuandika kwamba mtu hajulikani aliko, inuka kwenye kiti uende ukaulize. Na kama unajua aliko, andika unachojua, hata kama alikucheka mpaka ukatoa machozi!

Wambui hajui kusoma. Ndiyo maana nimethubutu kuandika haya.

Lakini juzi alikuja dirishani akitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu Kamau achukuliwe. Njeri ameanza shule.

"Karani, sitakusumbua tena," akaniambia. "Sasa nina wa kunisomea."