Ukuta Uliotoa Ruhusa

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho tu. Kazini wanamwita Lifti, kwa sababu alitengeneza lifti kwa miaka tisa kabla ya kuja kwenye ukumbi wa kupanda ukuta. Ana miaka thelathini na nane, ni mfupi, na hutembea na bisibisi tatu kwenye mfuko wa ovaroli. Anaishi na mama yake ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Utani huo umeshachuja, hakuna anayeucheka tena.

Siku alipomweleza mama yake habari za kazi mpya, mama aliacha kukunja nguo.

"Watu wanapanda ukuta kwenda wapi?"

"Juu, mama."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wakifika wanashuka."

"Ni watu wazima hao?"

"Wengine."

Mama alirudi kwenye nguo zake. "Haya, mwanangu. Wafunge vizuri wasianguke."

Ukuta wenyewe una urefu wa mita kumi na moja, na umepigiliwa vishikio mia moja sitini na nne vya plastiki ngumu, vingine vidogo kama kipande cha sabuni, vingine vikubwa kama sufuria. Lifti alikaa miezi kumi na moja akivitoboa kimoja kimoja, akiweka ndani yake taa ndogo na kihisi kinachotambua uzito wa mkono. Kishikio kikiwaka bluu, mpandaji anakishika. Akishakishika kinazima, na kingine kinawaka mbele yake. Kikianza kumetameta, maana yake ni subiri hapo hapo. Njia hubadilika kila mara, na mwendo wote huongozwa na kompyuta iliyo kwenye meza yake, hatua kumi kutoka ukutani. Vishikio vina namba kuanzia chini kwenda juu, na Lifti anazijua zote kichwani, kwa kuwa kila waya ameuchomelea yeye.

Mpandaji hujifunga mshipi kiunoni. Juu kabisa kuna mashine yenye ukubwa wa mtungi wa gesi, na ndani yake umejikunja mkanda wenye kulabu ya chuma nchani. Kulabu hiyo hufungwa kwenye mshipi. Mtu akipanda, mashine inaumeza mkanda. Akiachia mikono, inautema polepole na kumteremsha hadi sakafuni. Ndiyo maana wapandaji wa pale wakifika juu hawahangaiki kushuka. Wanaachia tu.

Hatari ni moja: mtu kusahau kuifunga kulabu. Hutokea, na huwatokea wazoefu kuliko wageni. Kwa hilo Lifti alikuwa na dawa aliyokuja nayo kutoka kazi ya zamani. Lifti haiondoki mlango ukiwa wazi. Kuna swichi mlangoni, na mpaka swichi iguse, mota haipati ruhusa. Basi chini ya ukuta alitundika pazia la turubai la kuziba njia, na juu ya pazia akaweka kibao ambapo kulabu hukaa wakati haitumiki, ikilifunga pazia. Kulabu ikiwa kwenye kibao, taa nyekundu inawaka na mchezo hauanzi. Ikitoka, inawaka ya kijani. Aliijaribu mara arobaini na wapandaji ishirini, na haikukosea hata mara moja.

Alhamisi ile mkaguzi wa usalama alikuwa anakuja saa kumi. Akisaini, Jumamosi watoto wa kwanza wangepanda. Asiposaini, mwenye ukumbi alikwisha kusema: nyaya zote zitang'olewa na ukuta utabaki wa mbao kama zamani. Saa tisa na robo Lifti alimwita mwalimu wa upandaji kwa jaribio la mwisho.

Mwalimu huyo wanamwita Mjusi. Ni mwembamba, ana vidole vilivyojaa sugu, na amepanda kuta kwa miaka kumi na minne. Alikuja akiwa na mshipi tayari kiunoni na vidude vya muziki masikioni.

"Dada Lifti, leo unanipeleka wapi?"

"Juu. Fuata taa, usijifanye mjuaji. Ikiwa kijani, nenda."

"Kijani hiyo hapo, bosi."

"Basi nenda."

Mjusi akawasha muziki. Lifti hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, ambako namba zilikuwa zinazima moja baada ya nyingine, kumi na mbili, thelathini na moja, arobaini na saba, kila moja kwa wakati wake. Alijisikia kama mtu anayesikiliza mashine iliyotiwa mafuta. Zilipofika mia thelathini na nane aliona ni vyema amalizie kuangalia kwa macho yake mwenyewe, akainua kichwa.

Mjusi alikuwa mita tisa juu. Mkanda ulikuwa kando yake, umenyooka kutoka kwenye mashine, ukampita begani, ukampita kiunoni, ukaendelea kushuka. Lifti aliufuata kwa macho mpaka chini. Kulabu ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa ndoo ya bluu iliyojaa maji, na kando ya ndoo limeegemezwa fagio la kupigia deki.

Kila kitu alikielewa mara moja. Vumbi la chaki wanayojipaka wapandaji mikononi hujaa nyuma ya pazia. Ili apige deki pale, mama anayefanya usafi ukumbini lazima alifungue pazia, na ili alifungue lazima aichomoe kulabu. Ukiichomoa na kuiachia, inapaa mpaka darini. Basi huifunga kwenye ndoo. Bila shaka alikuwa akifanya hivyo kila siku saa hiyo hiyo, wakati Lifti yuko stoo akichomelea. Kibao kilijua kwamba kulabu imeondoka. Hakikujua imekwenda wapi.

"Mjusi!"

Muziki ulikuwa masikioni. Aliita tena kwa sauti iliyomkwaruza koo. Mjusi alihisi kitu, akageuza shingo, akamwona mwenzake anapunga mkono. Akadhani anashangiliwa. Akaachia mkono mmoja, akamwonyesha dole gumba, akarudi kwenye kazi yake.

Lifti alishusha mkono wake kama aliyeugusa moto.

Wazo la kwanza lilikuwa kuzima taa zote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe alipoikumbuka karatasi iliyobandikwa mlangoni, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa herufi kubwa: TAA ZIKILETA HITILAFU, USIHANGAIKE. ACHIA MIKONO, MKANDA UTAKUSHUSHA. Mjusi ndiye aliyewafundisha wengine wote sheria hiyo. Ukuta ukionekana umeharibika tu, ataachia. Akifika juu, ataachia pia. Zilibaki namba mbili.

Mia sitini na moja iliwaka bluu. Mjusi akaishika. Kabla mia sitini na nne haijawaka, Lifti aliikata njia na kuifanya mia sitini na moja imetamete. Subiri hapo. Mjusi akatulia, shavu likigusa mbao.

Sasa ilibidi amshushe, na ashuke akidhani ndivyo mchezo ulivyo. Lifti alihesabu sekunde mbili, kama kompyuta inavyohesabu, akawasha mia arobaini na tisa, chini kushoto. Mjusi alikitazama kishikio hicho, akatazama juu, akakitazama tena. Mabega yakatikisika, alikuwa anacheka. Akashuka.

"Hivyo hivyo, kaka," Lifti alinong'ona. "Hivyo hivyo."

Mia thelathini na tatu. Sekunde mbili. Mia kumi na nane. Alikuwa anachagua vishikio vyenye kina, vile vya kushikwa kwa kiganja kizima, na kila alipobonyeza alikumbuka siku alipokitoboa. Jasho lilimwingia jichoni, hakulifuta.

Nyuma yake mlango ulifunguka. Mama wa usafi aliingia na kitambaa kikavu mkononi, akaona uso wa Lifti, akafuata macho yake hadi juu, kisha hadi chini.

"Mungu wangu. Ndoo yangu."

Akaanza kukimbilia ndoo.

"Usiiguse!" Lifti alisema bila kugeuka. "Ukiifungua itapaa imgonge. Magodoro, mama. Yavute yale magodoro, tafadhali."

Mama wa usafi ni mtu mzima mwenye mgongo mbovu. Aliyavuta magodoro mawili ya mazoezi kama anayevuta mikeka.

Kwenye themanini na nane Mjusi alikung'uta mkono mmoja, kisha wa pili. Kushuka huchosha mikono kuliko kupanda. Kwenye sabini na sita akanyoosha mikono yote, akasukuma makalio nyuma, na Lifti akaujua mkao huo. Ameuona mara elfu. Ndivyo mtu anavyokaa kabla ya kuachia. Mita tano.

Kulia kwake kulikuwa na kishikio kikubwa kuliko vyote, namba sabini na mbili, ambacho wapandaji hukiita Sofa kwa kuwa mtu anaweza kukikumbatia na kupumzika. Lifti alikiwasha, akakifanya kimetamete. Mjusi alisita. Kisha akanyoosha mkono, akaikumbatia Sofa na kulaza kichwa juu yake.

Lifti alimwacha apumzike mpaka alipoona vidole vyake vinatulia. Magodoro yalikuwa yamefika. Arobaini na nne. Ishirini na sita. Tisa. Kutoka hapo Mjusi aliruka mwenyewe, kama kawaida yake, akatua kwenye godoro na kuchomoa muziki masikioni.

"Lifti, huu mchezo gani? Unanifikisha mlangoni halafu unanirudisha kama mtoto aliyesahau daftari! Na nani kaleta magodoro?"

Lifti akanyoosha kidole. Mjusi alitazama ndoo. Akatazama kiuno chake. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye pete ya mshipi, ukaipapasa, haukukuta kitu. Akakaa chini.

Mama wa usafi ndiye aliyesema kwanza, kwa ukali. "Mtu mzima mzima unapanda bila kujifunga? Una akili wewe?"

"Taa ilikuwa kijani, mama," Mjusi alisema polepole. "Zamani nilikuwa naushika mkanda kwanza. Kila siku nilikuwa naushika. Leo nimeangalia taa."

Lifti aliyasikia maneno hayo akiwa bado amesimama mezani, mikono imeshika ukingo.

Ilikuwa saa kumi kasoro ishirini. Mjusi alikunywa maji, rangi ikamrudia kidogo, na pamoja na rangi yakarudi maneno. "Sikiliza. Tumwambie mama asiifunge tena kwenye ndoo. Yameisha. Jumamosi watoto wanakuja, na huyu bwana akikataa, wanakung'olea kazi yako yote."

"Na siku mama akiumwa, akaja mwingine kupiga deki?"

Mjusi akaitazama ndoo.

"Swichi nimeiweka kwenye pazia," Lifti alisema. "Ilitakiwa iwe kiunoni kwa mtu. Niliwauliza wapandaji ishirini. Anayekaa na hiyo kulabu kila siku sikumuuliza."

Aliirudisha kulabu kwenye kibao, akachukua bisibisi, akapiga magoti, akaifungua taa ya kijani na kuitia mfukoni. Mkaguzi alipoingia alimkuta bado yuko chini, mbele ya tundu lenye nyaya mbili. Lifti alimweleza yote, kuanzia kibao mpaka dole gumba. Mkaguzi, mwanamume asiyependa maneno mengi, alisikiliza huku kalamu ikiwa hewani.

"Kwa hiyo nisisaini."

"Usisaini."

"Mwenye ukumbi umemwambia?"

"Nikitoka hapa."

Mkaguzi aliandika mistari mitatu, akamwachia nakala, akamwambia ampigie ukuta ukiwa tayari. Hakusema nini kitatokea iwapo mwenye ukumbi hatasubiri. Hilo halikuwa lake.

Alipoondoka, Lifti alichukua daftari na penseli, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Mama, naomba upige deki."

"Sasa hivi? Na mgongo unaniuma hivi?"

"Polepole. Anzia pale unapoanzia kila siku, ufanye kila kitu unachofanya. Mimi naangalia tu."

Mama wa usafi alimtazama Mjusi, Mjusi akainua mabega. Mama akaiinua ndoo, akaona maji yameshachafuka, akaenda kuyabadilisha. Lifti aliandika: *anabadilisha maji kwanza.*